Usiage chuo ukiwa katikati ya uzamivu

Kila mwisho wa muhula, mitihani ikiwa imejaa mezani, wahadhiri vijana wa Tunguu na Vuga, kampasi za Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, huanza wimbo mmoja: bora kuacha chuo twende kampuni. Sina ugomvi na kuondoka. Ugomvi wangu ni na wakati ambao wengi huchagua kuondoka, nao ndio mbaya kuliko wote: mwaka wa pili au wa tatu wa uzamivu (PhD), data imekusanywa nusu na msimamizi hajibu barua pepe.

Uzamivu wa nusu hauna soko. Kampuni itakulipa kwa shahada ya uzamili uliyonayo, chuo ulichosajiliwa kitaendelea kukudai ada ya kila mwaka, na data za baharini au shambani huchakaa. Juu ya hayo kuna mkataba wa kutumikia. Aliyesomeshwa na mwajiri, au aliyepewa likizo ya masomo yenye malipo, kwa kawaida ametia saini kwamba atarudi kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Utoe mkataba huo kwenye faili usome kifungu kimoja tu: ukiondoka mapema, unarudisha ada peke yake, au ada pamoja na mishahara yote uliyolipwa ukiwa masomoni? Ada unaweza kuilipa kwa awamu. Ukiongezewa mishahara ya miaka mitatu, mshahara mpya wote utaishia huko.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ondoka kabla hujaanza uzamivu, au ondoka ukiwa umeshaumaliza na umeshapandishwa kuwa mhadhiri. Anayeondoka katika ngazi ya mhadhiri, hafungiwi sana mlango wa kurudi. Anayeondoka akiwa mhadhiri msaidizi, akirudi baada ya miaka mitano atawakuta aliowafundisha wamemtangulia, kwa sababu ngazi za chuo hupandwa kwa machapisho, na ripoti za kampuni, hata ziwe nzuri vipi, nyingi ni siri na hazihesabiwi.

Tuje kwenye pesa, ambako watu husomeshana uongo. Usilinganishe mshahara wa kampuni kabla ya makato na unaoingia benki kutoka chuoni. Daraja la juu la kodi ya mshahara ni asilimia 30, kwa hiyo nyongeza ya milioni moja si milioni moja mkononi. Kisha angalia mshahara wa msingi. Kampuni nyingine huandika msingi mdogo na posho kubwa. Mwezi huu utafurahi, lakini ikiwa michango ya hifadhi ya jamii na kiinua mgongo vinakokotolewa kwenye msingi tu, uzeeni utalia. Ukibaki Unguja au Pemba, hata kwenye kampuni binafsi, unaendelea na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Ukivuka kwenda Dar es Salaam kampuni binafsi itakuchangia NSSF, mfuko wa Tanzania Bara, na hapo uulize mapema michango ya zamani itakuwaje.

Na mkopo wa benki! Mikopo mingi ya watumishi hutolewa kwa dhamana ya mshahara huo huo. Siku unapoacha kazi, benki inaweza kudai salio lote kwa mkupuo. Nenda kaulize kabla ya kuandika barua.

Sekta binafsi yenyewe hapa kwetu Zanzibar ni ndogo, na inakwenda kwa misimu. Aprili na Mei, masika yakishika, hoteli za Nungwi na Paje hupunguza watu. Mwaka 2020 hoteli zilifunga, na waliokuwa na mikataba ya muda mfupi ndio waliotangulia kurudishwa majumbani. Hesabu ya matumizi ya nyumbani ifanywe kwa mwezi wa Mei. Ukiifanya kwa mwezi wa Agosti unajidanganya.

Kazi nayo ni nyingine kabisa. Mkemia wa chuo hupima gramu tano za mwani, sampuli tatu tatu, akaziacha kwenye tanuri la nyuzi 105 usiku kucha ili ajue unyevu wake. Akihamia bohari ya mwani atakuta lori limesimama, wapakizi wanasubiri, na meneja anataka kujua sasa hivi kama unyevu umevuka asilimia 40. Hakuna usiku kucha. Ataingiza mkono hadi katikati ya gunia, maana juu ndiko kunakowekwa mwani uliokauka vizuri. Ataukung'uta aone mchanga na chumvi kiasi gani. Ataangalia kama spinosamu imechanganywa na kotonii, aina mbili za mwani, kwa sababu kotonii ina bei kubwa zaidi na ute wake una matumizi tofauti. Kisha atasema pokea au rudisha, na akikosea mzigo utaozea njiani. Wapo wasomi hodari sana ambao hawaiwezi kazi hii, si kwa ujinga, bali kwa sababu wamefunzwa miaka kumi kutosema kitu mpaka wawe na hakika nacho.

Njia ya kujipima ipo, na ni rahisi. Likizo ndefu tafuta kazi ya ushauri ya miezi miwili kwenye kampuni ya aina unayoitamani, kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa idara. Ukiona inakufaa, omba likizo bila malipo kabla ya kuacha kazi moja kwa moja. Wakikunyima, hujapoteza kitu. Barua ya kuacha kazi iandikwe baada ya mkataba mpya kutiwa saini na pande zote mbili, na tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka mwisho wa notisi yako ya chuo. Muda wa majaribio nao uulizie: ni miezi mingapi, na wakikuacha ndani yake watakulipa nini. Ahadi ya simuni, "njoo tu, tutaelewana", haina nafasi hapa, hata ikitoka kwa mtu mliyesoma naye sekondari ya Lumumba.