Nilijitoa kwenye pensheni ili nijenge nyumbani

Nilipopata kazi ya kudumu kwenye ghala la mizigo hapa Leicester mwaka 2019, nililetewa barua kwamba nimeshaandikishwa kwenye mfuko wa pensheni. Makato yangeanza mshahara unaofuata, na kama sitaki, nijitoe mwenyewe. Nilikuwa na miaka 26. Nilijitoa wiki ileile. Nilikuwa na kiwanja Kibaha, fundi alikuwa anasubiri saruji, na kwa akili yangu ya wakati ule nyumba ndiyo ilikuwa pensheni.

Naandika haya kwa sababu kila mara nakutana na kijana aliyetoka nyumbani juzi, anapiga hesabu ileile niliyoipiga mimi, na inaniuma.

Kwa sheria iliyoanza kutumika hapa Uingereza mwaka 2012, mwajiri analazimika kumwandikisha mfanyakazi mwenye miaka 22 na kuendelea anayelipwa zaidi ya paundi 10,000 kwa mwaka. Chukua mtu wa mshahara wa paundi 24,000. Kwa kiwango cha chini kabisa, mfukoni mwake zinatoka kama paundi 59 kwa mwezi. Mwajiri anaongeza 44, na unafuu wa kodi unaleta karibu 15. Zinazoingia kwenye mfuko ni 118. Yaani kabla hata hazijawekezwa popote, zimeshakuwa mara mbili. Ukijitoa unabaki na 59 zako, kama laki mbili za kwetu, na nusu ile nyingine humwoni wa kumdai. Mimi niliiacha kwa miaka mitatu, mpaka mwajiri aliponiandikisha upya kama sheria inavyomtaka. Safari hiyo nilitulia.

Zile laki mbili zilinunua nini Kibaha? Tofali, saruji, nauli ya fundi. Leo kuna boma ambalo halijapauliwa, na majani yameota hadi sebuleni. Nalipenda, na nitalimaliza. Lakini nikiwa na miaka 70 na ninahitaji dawa ya presha, siwezi kubomoa dirisha moja nikaliuza.

Tusidanganyane kwamba wenzetu huku wana akili kuliko sisi. NSSF yetu, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, inachukua asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi kwa kawaida wakigawana nusu kwa nusu. Kiwango cha chini cha huku ni asilimia 8, tena ya sehemu tu ya mshahara. Kwenye karatasi, kijana mwenye mkataba Dodoma anawekewa asilimia kubwa kuliko yangu.

Tatizo ni wangapi wana huo mkataba. Dereva wa bodaboda na mama ntilie hawana mwajiri wa kuwachangia. Na hata mwenye mkataba huwa hana uhakika. Kazi yangu ya kwanza Dar, makato yalionekana kwenye hati ya mshahara miezi 14 mfululizo, lakini nilipofuatilia nikakuta michango ya miezi mitano tu. Ukishafanyiwa hivyo, unaelewa kwa nini vijana wakiacha kazi wanataka walipwe chao chote palepale, na kwa nini suala la kikokotoo, yaani hesabu ya kupanga mafao ya mstaafu, lilichoma watu mioyo tangu 2018. Mtu aliyefundisha miaka 30 akiamini atapata kiinua mgongo fulani, halafu akabadilishiwa hesabu karibu na kustaafu, hasira yake ni ya haki.

Kwa anayepanga kurudi, kuna jambo moja ambalo wengi wetu huku hawalijui. Pensheni ya serikali ya Uingereza inahitaji kwa kawaida angalau miaka 10 ya michango, na 35 kuipata kamili. Ukihamia Tanzania utalipwa, ila kiwango kitabaki palepale ulipoanzia. Wenzako waliobaki huku wanaongezewa kila mwaka, wewe hapana. Naona ni dhuluma kwa mtu aliyechangia sawa na wao. Kwa hiyo anayetaka kuzeekea Tanga ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kutojitoa kwenye mfuko wa kazini, maana ule ni wake popote aendapo.

Siku hizi nachangia huku, na kila mwezi nanunua vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja kule nyumbani, hata kama ni vichache. Nikijaliwa, nitaingia kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Boma linapata kinachobaki.

Kumweleza mama ndiko kulikokuwa kugumu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi na baba yako pensheni yetu ni ninyi." Ni kweli, na sitaacha kumtumia hata mwezi mmoja. Nilimwambia, "Mama, chako hakiguswi. Nisichotaka ni mjukuu wako aje abebe mzigo wangu." Alinyamaza kidogo, akaniuliza boma litapauliwa lini.

Mdogo wangu ameanza kazi Dodoma miezi miwili iliyopita. Alinitumia picha ya kitambulisho chake cha kazi, nikampongeza sana. Kisha nikamwomba aangalie kwenye simu kama mchango wake wa kwanza wa NSSF umefika. Ulikuwa umefika.