Ukurasa wa "Ukweli" Nao ni Sehemu ya Riwaya

Riwaya za njama za kidini hujengwa kwa ustadi wa aina moja. Mwandishi anataja kanisa lililopo Paris, mchoro uliopo Milano na mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) ambao kweli uliitishwa, kisha katikati yake anapachika jambo moja ambalo halikuwahi kutokea. Msomaji akikagua vile vitatu na kuvikuta sawasawa, hilo la nne analipokea hivihivi.

The Da Vinci Code ya Dan Brown, iliyotoka 2003, ndiyo mfano wa kufundishia: ndani yake Yesu alimwoa Maria Magdalena, na chama cha siri kinailinda habari hiyo. Kabla hadithi haijaanza kuna ukurasa unaotangaza kwamba chama cha siri kiitwacho Prieuré de Sion kilianzishwa 1099 na ni cha kweli, kwamba Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iligundua hati zake 1975, na kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo na nyaraka ni sahihi. Kubuni ni haki ya mtunzi wa riwaya, na simnyimi haki hiyo. Ukurasa huo ndio ninaoupinga, kwa sababu unamtuliza msomaji pale hasa anapopaswa kuwa macho.

Chama hicho kiliandikishwa 1956 katika ofisi ya serikali ya mji mdogo wa Saint-Julien-en-Genevois, karibu na mpaka wa Uswisi, chini ya sheria ya vyama ya 1901, ileile inayotumika kuandikisha klabu za michezo na vikundi vya kwaya. Jina Sion lilitokana na kilima cha huko huko, Mont Sion. Jarida lake la mwanzo, Circuit, lilijishughulisha na masuala ya nyumba za bei nafuu. Mwanzilishi wake, Pierre Plantard, alitaka kuonekana mzao wa wafalme wa kale wa Ufaransa wa ukoo wa Merovinji, na miaka ya 1960 yeye na rafiki yake Philippe de Chérisey wakaanza kujitengenezea ushahidi. De Chérisey ndiye aliyetunga "hati za kale za ngozi" zenye mafumbo. Hati ziitwazo Dossiers Secrets, ndizo zile zinazotajwa na ukurasa wa riwaya, ziliwekwa maktabani 1967, na ni karatasi zilizopigwa kwa taipureta.

Hapa wengi huteleza. Namba ya katalogi inathibitisha kwamba kuna mtu alileta karatasi na mkutubi akazipokea, basi. Haisemi karatasi zina umri gani wala kama yaliyomo ni kweli. Mwaka 1993 jaji mchunguzi alipomhoji, Plantard mwenyewe alikiri kwamba mambo hayo yalikuwa ya kubuni. Kuhusu 1099, enzi za Vita vya Msalaba kulikuwa na abasia ya Mlima Sayuni huko Yerusalemu, lakini haina uhusiano na chama cha Plantard zaidi ya kufanana jina.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dai lolote la aina hii ni moja: hati ya zamani kabisa inayolitaja ni ya mwaka gani? Ukilifuatilia dai la Prieuré kurudi nyuma unagonga 1956 na hapo njia inakwisha. Kisha uliza hati hiyo imeandikwa kwenye kitu gani, kwa lugha gani, na ilikuwa mikononi mwa nani kabla ya kutangazwa.

Lichukue swali hilo uende nalo kwenye mtaguso wa Nikea, mji wa kale ulioko Uturuki ya leo, maana hapo ndipo riwaya imeacha alama kubwa kuliko pengine popote. Madai yake ni kwamba Kaizari Konstantino aliitisha maaskofu 325, wakampigia Yesu kura awe Mungu, kura zikakaribiana, na ndipo vitabu vya Biblia vikachaguliwa. Kwetu Afrika Mashariki hoja inayofanana na hii husikika hata kwenye mihadhara ya dini, mara nyingi kwa watu ambao hawajaishika riwaya yenyewe.

Mtaguso ulituachia kanuni 20, ambazo mtu anaweza kuzisoma zote kwa kikao kimoja. Kanuni ya 15 inakataza maaskofu, mapadre na mashemasi kuhamahama kutoka mji hadi mji. Ya 17 inakataza makleri kukopesha kwa riba. Ya 20 inaagiza waumini wasali wakiwa wamesimama siku za Jumapili. Hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Askofu Irenei wa Lyon alikuwa tayari anasisitiza Injili nne, si zaidi wala pungufu, karibu mwaka 180. Na orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya ni ya barua ya askofu Athanasi wa Aleksandria ya 367, zaidi ya miaka 40 baada ya mtaguso.

Kuhusu kura, mjadala ulikuwa juu ya mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria aliyesema Mwana aliumbwa na Baba. Mwishoni maaskofu waliokataa katakata pamoja naye walikuwa wawili, Sekundo na Theona, wote wa Libya, kati ya mamia waliohudhuria. Na imani yenyewe ilikuwa na umri mkubwa. Karibu mwaka 112 Plinio Mdogo, gavana Mrumi asiyekuwa Mkristo, alimwandikia Kaizari Trajano kwamba Wakristo walikutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Alikuwa gavana wa Bithinia, jimbo ambalo Nikea imo ndani yake. Hili halimlazimishi Mwislamu wala mtu mwingine kuikubali imani hiyo. Linachosema ni kwamba haikuzaliwa 325, na mhadhiri anayetaka hoja yake isimame atafute nguzo nyingine.

Kisha kuna Injili ya Filipo, maandishi ya kale yasiyomo katika Biblia, inayotumiwa kuthibitisha kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena. Ilipatikana 1945 karibu na Nag Hammadi, Misri ya Juu, ndani ya vitabu vya mafunjo vyenye kurasa zilizoshonwa. Riwaya inaviita magombo na kudai neno "mwenzi", analoitwa Maria humo, ni la Kiaramu na maana yake ni mke, ilhali maandishi yaliyopo ni ya Kikoptiki, yaliyotafsiriwa kutoka Kigiriki. Tazama ukurasa wenyewe: penye habari ya Yesu kumbusu Maria, mafunjo yameliwa. Baada ya "kwenye" kuna tundu. Riwaya inalijaza tundu kwa "mdomo" bila kumwambia msomaji kwamba kuna tundu. Lingeweza kuwa shavu, paji la uso, au mguu. Zaidi ya hapo, maandishi hayohayo yanaeleza kwingine kwamba waliokamilika hupata uzazi wa kiroho kwa busu, na kwa sababu hiyo hubusiana wote. Ukiking'oa kipande chenye tundu na kuuacha ufafanuzi uliomo kitabuni humohumo, unaweza kuthibitisha karibu chochote.

Karamu ya Mwisho, mchoro wa Leonardo da Vinci ambamo riwaya inadai Magdalena ameketi kando ya Yesu, haihitaji maneno mengi. Aliichora Milano kati ya 1495 na 1498 juu ya ukuta mkavu, rangi zikaanza kubanduka mapema, na ukarabati wa mwisho ulichukua kuanzia 1978 hadi 1999. Yule asiye na ndevu kuliani kwa Yesu ni Yohane, aliyechorwa kijana mwororo kama desturi ya Firenze ilivyokuwa; Andrea del Castagno alifanya hivyo 1447 na Ghirlandaio 1480. Hesabu watu mezani: wako 13. Yule akiwa Magdalena, Yohane yuko wapi?

Mengine yanapimika haraka. Piramidi ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ina vipande 673 vya kioo, si 666 kama riwaya inavyosema. Opus Dei, jumuiya ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1928, haina wamonaki, hivyo haina mmonaki muuaji kama yule wa riwaya. Papa Klementi V, ambaye riwaya inadai aliwachoma Watemplari, watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, na kuwatupa katika mto Tiber wa Roma, hakuwahi kukanyaga Roma akiwa papa. Aliyewakamata 1307 ni Mfalme Filipo IV wa Ufaransa, na mkuu wao alichomwa Paris 1314, kwenye mto Seine. Katika riwaya nyingine ya mwandishi huyohuyo Galileo ni mwanachama wa Iluminati, kundi lililoundwa Bavaria tarehe 1 Mei 1776. Galileo alifariki 1642.

Lakini nawaonya pia wanaojibu riwaya hizi kwa hasira. Wapo wanaotupa kila kitu, na pamoja na uongo wanatupa historia. Ni kweli kwamba Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya 591, alimchanganya Maria Magdalena na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka sura ya 7, na kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi likamwona kahaba ingawa Injili hazisemi hivyo. Kanisa Katoliki lilirekebisha mkanganyiko huo katika kalenda yake 1969. Ni kweli Konstantino aliagiza nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya. Ni kweli alibatizwa 337 akiwa karibu kufa, na aliyembatiza, Eusebi wa Nikomedia, alikuwa mtetezi wa Ario. Hilo la mwisho linaivunja hadithi ya kaizari aliyelazimisha uungu wa Kristo kwa upanga kuliko ukali wowote wa mimbarini, na anayelificha kwa kuona linaaibisha Kanisa anajinyima jibu zuri kuliko yote aliyo nayo.