Anza na Moto wa Tumbo, Dosha Baadaye

Anayetaka kula kwa kufuata Ayurveda, tiba ya kale ya India, huuliza kwanza ni ipi kati ya dosha tatu, nguvu zinazosemwa kuutawala mwili, iliyo na nguvu kwake: mimi ni vata, pitta au kapha? Anajaza dodoso mtandaoni, anapewa jina, kisha orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka. Huko naona ni kuanzia mkiani. Dosha zina mahali pake, lakini msingi wa mlo katika Ayurveda ni agni, moto wa kumeng'enya. Moto huo ukiwa dhaifu, hata chakula kinachoifaa dosha yako kitalala tumboni na kukujaza gesi.

Mlo mkubwa uwe wa mchana. Chajio kiwe chepesi na mapema. Usile kingine kabla cha kwanza hakijashuka. Kitabu cha kale cha Ashtanga Hridaya kinagawa tumbo mafungu manne: mawili ya chakula, moja la kinywaji, la nne libaki wazi.

Chakula cha kuanzia ni khichdi, ndugu wa mseto wetu wa choroko. Kwa watu wawili, loweka nusu kikombe cha choroko za njano zilizokobolewa kwa nusu saa. Zenye maganda huchelewa kuiva na huleta gesi zaidi. Changanya na nusu kikombe cha mchele, maji vikombe vitano, uchemshe kwa moto mdogo dakika 30 hadi 40 mpaka vipondeke. Pembeni pasha vijiko viwili vya chai vya samli, tia nusu kijiko cha jira. Ikianza kupasuka, tia tangawizi iliyotwangwa, mvuje wa ncha ya kisu, na mwisho kabisa robo kijiko cha manjano. Ukiyatanguliza yataungua, chungu kizima kiwe kichungu. Mimina juu ya mseto. Ndimu ikamuliwe mezani. Ikiingia mapema choroko hukaidi kuiva.

Mseto wa tui ni mtamu, sibishi, ila ni mzito. Anayeamka na kamasi na uvivu, dalili za kapha kuzidi, apikie maji. Katika zile ladha sita (tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, kakasi) inayokosekana zaidi kwenye sahani zetu ni chungu: karela au mnavu kidogo pembeni unatosha.

Unga wa dawa za Ayurveda unaouzwa kwenye makopo siushauri. Mwaka 2004 watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Na mwenye kisukari apunguze mchele hadi robo kikombe, aongeze choroko, dawa zake za hospitali asiziache.