Futi Tano Tu, Bwana

Nimevunja kibubu cha miaka tisa, na tangu siku hiyo usingizi umenihama. Nataka boti. Si ya biashara, jamani. Ya kujiendea zangu Jumapili na mshipi, nivue, ninyamaze, nirudi. Mtu anayeshinda wiki nzima akitengeneza mafriji ya watu ana haki ya kukaa pahali ambapo hakuna wa kumwambia "fundi, bado haligandishi."

Muuzaji anazo mbili, zote za faiba, zote kuukuu, zote zimepakwa rangi juzi. (Rangi mpya kwenye boti kuukuu ni kama hina kwenye ndevu: uzuri upo, lakini umri nao upo.) Moja ni futi 18, mashine yake farasi 40. Nyingine futi 23, mashine mbili za farasi 40. "Tofauti ni futi tano tu, bwana," ananiambia, huku akizipima hewani kwa dhiraa kama anayeniuzia kanga.

Futi tano tu! Nimepanda zote mbili. Ile kubwa haikurefuka peke yake, imenenepa na kupanda kimo pia, na ukipiga hesabu ya tumbo lake inakaribia mara mbili ya ndogo. Na tumbo likikua, kila kitu kinalifuata: rangi zaidi, nanga nzito zaidi, kamba nene zaidi. Halafu mashine zenyewe ni za zamani, zile za kuchanganya oili. Ukiibana moja mpaka mwisho inakunywa karibu lita 20 kwa saa. Sasa mbili! Nguru nitakayemtoa huko itabidi awe na meno ya dhahabu.

Lakini nisiidhulumu kubwa, ndogo nayo ina vituko vyake. Humu ndani, baina yetu hapa Lamu na kisiwa cha Manda, maji yametulia, na boti ndogo inapenya kwenye vijia vya mikoko ambako kubwa ingekwama ikasubiri maji yajae. Humu utapata changu, utapata tewa, utarudi kwako na heshima yako. Mimi nataka nguru na kolekole. Hao ni wa kurambaza (boti inakwenda, mshipi unaburutwa nyuma) huko nje, na njia ya nje inapita mlango wa Shela. Kaskazi ikitulia unapita ukipiga mluzi. Njoo Juni, Kusi imekaza: upepo unasukuma mawimbi yaingie, maji ya kupwa yanataka kutoka, wanakutana mlangoni wote wana haraka na hakuna anayempisha mwenzake. Wimbi linasimama wima. Na ikiwa ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, usiseme. Futi 18 hapo inapanda wimbi moja, inachomeka omo, yaani pua yake, kwenye la pili, na kila ikitua uti wa mgongo wako unasoma hesabu yake. Mashine moja ikizimika, umebaki na kafi na shahada. Ile kubwa angalau ikizimika moja unabaki na ya pili ya kurudia kwenu.

Shemeji yangu wa Malindi nikampigia simu. Huko wamezoea maboti ya wageni wanaokuja kuvua sulisuli, wanakaa kwenye kiti cha kujifungia mikanda kama ndege. "Chukua kubwa," akasema, "ukimaliza kuvua unaifunga nyuma ya gari, unaivuta mpaka uani." Gari! Mtu huyu ameoa kwetu, anajua fika vichochoro vya Lamu hata punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Uani kwangu hata friji ya mteja inaingia kwa ubavu.

Basi jana baada ya alasiri nikaazima chaki ya mwanangu, nikaenda pale Langoni mbele ya bahari, nikazichora zote mbili chini kwa kipimo chake, ubavu kwa ubavu. Nikaingia kwanza kwenye ndogo. Nikaweka tanki la petroli (ndoo), sanduku la barafu (ndoo nyingine), na jirani yangu mmoja wa kunisaidia nanga. Magoti yakagusana. Nikasema hapana, ngoja nijaribu kubwa.

Hapo ndipo nilipokosea.

Jirani akanifuata. Muuza kahawa akaona watu wamekaa, akatua dele lake karibu na tezi, kule nyuma ya boti. Akaja binamu, akauliza kama godoro la tano kwa sita litaingia, maana ana la kupeleka Faza. Nikamwambia hii ni ya kuvulia. Akasema, "Sawa, tutavua njiani." Ami akakumbusha kuna harusi Siyu mwezi ujao. Vijana wawili wakakaa tu, hawakusema wanakwenda wapi. Punda akapita katikati ya mashine zangu mbili, akaacha alama. Na ile ndogo hapo pembeni tupu, hakuna hata paka aliyeiingia!

Nikawahesabu: kumi na wanne. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chambo.

Nikachukua kitambaa, nikainama nifute mstari wa kubwa. Nikaona viatu vimesimama mbele yangu. Mamangu mkwe, na kikapu cha mikate ya mofa ya dadake aliyeko Matondoni. Akautazama mstari wa chaki, akainua pindo la buibui lisirowe, akavuka taratibu, akaenda kukaa omo, kikapu mapajani.

"Mkwe wangu, mnang'oa nanga saa ngapi?"

Kitambaa nikakificha nyuma.

"Maji yakijaa, mama."