Rozmeri ya fensi ni chakula jamani

Jumamosi asubuhi caretaker wa plot yetu alikuwa anakata fensi. Hapa kwetu ni rozmeri imepandwa kuanzia geti mpaka kwa tanki, na akikata anarundika matawi pale kwa takataka yangoje lori. Harufu ilikuwa imefika mpaka kwangu ghorofa ya tatu. Nikashuka na mfuko nikamwambia mzee hebu niachie hayo matawi kidogo, akaniuliza kwani nimeanza kufuga sungura, nikamwambia ni ya kupikia viazi. Akashika tawi moja akalinusa, akasema miaka yote amekata hiyo kitu hajawahi sikia inaliwa.

Na si yeye peke yake. Zunguka estate za Nairobi uone, pale hakuna fensi ya kayaba kuna ya rozmeri, iko kwa geti za kanisa, iko kwa parking za ofisi, inastahimili jua na haitaki maji mengi ndio maana watu wanaipenda. Alafu mtu huyo huyo anayepita hapo kila siku anaenda supermarket ananunua kachupa ka majani yaliyokaushwa hata harufu yameishiwa. Hii kitu inaniuma kusema kweli, kwa sababu viazi vya rozmeri tumeviachia hoteli, tunalipa pesa mingi kwa sahani ya viazi sita, na kila kitu kilichomo kiko kwa mama mboga na kwa fensi.

Wengine watakuambia waru yetu, yaani viazi vya hapa, haifai kuokwa, ati ile aina inaitwa Shangi ni laini sana inapondeka. Nakataa. Shangi ndiyo imejaa soko zote hapa, iwe ya kutoka Nyandarua ama Molo ama Meru, na huo ulaini wake ndio unaofanya ipendeze ikiokwa, shida ni watu kuikata ikiwa mbichi na kuitupa moja kwa moja kwa oveni, inatoka imekauka nje kama kadibodi na katikati bado ngumu. Lazima uchemshe kwanza. Hapo ndipo kazi yote iko.

Hivi ndivyo nafanya. Kilo moja na nusu ya viazi, menya, kata vipande vya ukubwa wa nusu yai, weka kwa maji baridi na chumvi ya kutosha, si kidogo, kwa sababu hiyo chumvi ndiyo itaingia ndani na baadaye haiwezi tena. Ukisoma mapishi ya watu wa ng'ambo watakuambia dakika kadhaa, usifuate saa yao, sisi Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yetu yanachemka kwa nyuzi kama 94 badala ya 100, kwa hivyo angalia kiazi chenyewe. Ukidunga na uma iingie bila kusukumana lakini kipande kisivunjike, mwaga maji hapo hapo. Ukizubaa na Shangi itakuwa viazi vya kuponda.

Sasa rudisha sufuria kwa moto mdogo bila maji, dakika moja hivi, mvuke utoke. Funika, shika mfuniko na kitambaa, tikisa mara tano sita. Fungua uangalie. Zile kona zilizokuwa kali zimechakaa, kila kipande kimevaa unga unga mweupe umeshikana kama uji mzito uliokauka kwa mwiko. Huo unga ndio utakunywa mafuta na kugeuka ganda, usiuoshe, usiupanguse.

Mafuta yapashwe kwa trei ndani ya oveni kwanza, nyuzi 200, yawe moto mpaka kiazi kikigusa kilie. Panga vipande visipandane, vikipandana vinapikwa na mvuke na ganda hupati. Dakika ishirini na tano usiviguse, geuza, dakika kumi ingine, sasa ndio unaleta rozmeri na kitunguu saumu. Hapo watu wengi wanakosea, wanaweka vyote mwanzoni, saumu inaungua inakuwa chungu na majani yanageuka mkaa. Mimi hutoa majani kwa tawi kwa kuvuta kurudi nyuma, nakatakata, nachanganya na saumu iliyopondwa na mafuta kijiko kimoja, namwagia viazi, dakika kumi za mwisho zinatosha. Harufu ya rozmeri inaingia kwa mafuta vizuri sana kuliko kwa maji, ndio maana ukiitia kwa maji ya kuchemshia unaipoteza bure.

Huna oveni? Wengi wetu tuna meko ya gesi tu na hiyo isikuzuie. Chukua sufuria nzito ama kikaango cha chuma, mafuta vijiko vinne, viazi vilivyotikiswa vile nimesema, moto wa wastani, na uwe na subira ya kuviacha vikauke upande mmoja kabla ya kugeuza. Ama ufanye vile wamama wa Pwani hufanya na mkate wa kumimina, sufuria kwa jiko la makaa, bati juu, makaa yapaliwe juu ya bati, moto juu moto chini. Hiyo ifanyiwe nje lakini, gesi ya makaa ndani ya nyumba inaua.

Ukinunua viazi kagua rangi, vile vimekaa kwa jua pale kibandani vikawa kijani viache. Na usinunue gunia eti bei ni nzuri, Shangi inachipuka haraka sana. Rozmeri nayo usitoe kando ya barabara kubwa wala mahali wanapuliza dawa, uliza kwanza, alafu ioshe.

Mwanzo wa 2022 kampuni moja kubwa ya mikahawa ya kuku iliishiwa na chips hapa Kenya kumbe viazi vinatoka nje ya nchi, na tulikasirika sana mtandaoni, na tulikuwa na haki, mkulima wa Kinangop anakosa soko na waru iko. Lakini hasira hiyo ingefika jikoni pia. Hii waru tunaiheshimu aje sisi wenyewe kama tunaijua tu kwa chips na kwa mukimo?

Ile Jumamosi jioni nilimpelekea caretaker sahani moja pale getini. Alikula amesimama, akakuna lile ganda la chini na kidole, akauliza kama mke wake anaweza kutumia jiko la makaa. Nikamwambia ndio, nikamweleza ile ya bati. Kwa fensi amebakisha kichaka kimoja karibu na tanki hajakikata.