Kiazi kitamu ama kiazi kikuu? Kwanza kivunje uone rangi ya ndani

Wiki iliopita kwa grupu letu la familia kuliingia ujumbe ati mtu wa sukari aachane kabisa na viazi vitamu ahamie viazi vikuu, maanake hivyo vya kwanza jina lenyewe lishasema, ni vitamu. Shangazi yangu wa Kisauni ana sukari miaka mingi sasa, akanipigia simu saa hiyo hiyo, "Mwanangu, na hivi vya futari nivitupe?" Nikamwambia shangazi ngoja kwanza, usitupe kitu.

Tuanze na hili, hivi viazi viwili si ndugu. Kiazi kitamu asili yake Marekani ya Kati na Kusini, kiazi kikuu ni ukoo mwengine kabisa na wakulima wake wakubwa ni Afrika Magharibi, Nigeria peke yake yatoa zaidi ya nusu ya vikuu vyote duniani. Na ukivishika utajua tu. Kikuu ganda lake kavu kama gome la mti, lina vijinywele, ukikimenya chatoa ute unaoteleza na mikono yaanza kuwasha, mamangu hujipaka mafuta ya nazi viganjani kabla hajashika kisu. Wala si majimbi, yale watu wa bara wanaita nduma, hayo nayo ni kitu chengine.

Sasa tatizo la habari za intaneti ni kwamba Marekani, tangu miaka ya 1930 huko Louisiana, wauzaji walianza kuita viazi vitamu vyao vya rangi ya machungwa kwa jina la kiazi kikuu, kwa Kizungu "yam", ili vitofautike na vile vyeupe, na jina likashika mpaka leo. Kwa hivyo mtu asoma ukurasa wa Kimarekani, atafsiri vile vile ulivo, afu atuma kwa grupu kuwa kiazi kikuu kimejaa vitamini A. Si kweli, ile sifa ni ya kiazi kitamu.

Nikamtolea shangazi hesabu, kila kimoja kimechemshwa, gramu 100. Kiazi kitamu cha machungwa kina kalori kama 76 na wanga gramu 18 hivi, kikuu kalori 116 na wanga gramu 27. Yaani kile kisokuwa na utamu ulimini ndicho chenye wanga mwingi, na wanga ukifika tumboni huishia kuwa sukari vile vile, hausubiri ulimi uonje. Hapo ndipo ule ujumbe ulipopotosha watu, na mie hili lilinikera kweli kwa sababu wagonjwa wanausoma na wanaufuata.

Lakini wanaotetea kikuu wana hoja pia, sitaki kuwadhulumu. Nyuzinyuzi kina karibu gramu 4 wakati kitamu kina 2.5, na hizo husaidia tumbo na shibe. Potasiamu ndo kabisa, kikuu miligramu 670, kitamu 230, na potasiamu ni nzuri kwa mtu wa presha, ila mwenye figo mbovu ndio hiyo hiyo anayoambiwa apunguze, kwa hivyo huyo asikimbilie kikuu kabla hajamuuliza daktari wake. Vitamini C wanakaribiana tu.

Vitamini A hapo hakuna mashindano. Kitamu cha machungwa kina mikrogramu 787, na mwanamke mzima ahitaji 700 kwa siku nzima, kikuu hakina kitu cha kuhesabu. Afu kiazi kitamu kina matembele, majani yake ni mboga nzuri ya kula na ugali, kikuu majani yake hatuli. Lakini angalia, nimesema cha machungwa. Vingi tunavyonunua ganda ni jekundu, ukivunja ndani cheupe, na hicho cheupe vitamini A yake ni kidogo mno, kwa hivyo ukikichukulia hesabu ya kile cha machungwa wajidanganya. Hivi vya machungwa ndivyo vilivyowapa watafiti watatu, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, wakiwa pamoja na Howarth Bouis, kwa kazi ya kupambana na upungufu wa vitamini A Afrika. Nenda soko la Kongowea, Mombasa, umuombe muuzaji akuvunjie kimoja, hakatai, na rangi utaiona mwenyewe.

Mbona basi havijai sokoni? Kwa sababu vina maji zaidi, vyalainika, na sisi watu wazima tumezoea kiazi chenye unga, kile kikavu ambacho bila chai hakishuki. Mtoto mdogo yeye hutaka kile laini.

Mapishi nayo yana neno. Cha kuchemsha hupandisha sukari ya damu polepole kuliko cha kuoka. Tui la nazi kwenye futari lina faida yake maanake vitamini A yahitaji mafuta ndo mwili uichukue, tatizo ni ile sukari tunayomimina juu ya kiazi ambacho tayari kitamu, na bado pembeni kuna muhogo, kuna mahamri, kuna wali, zote wanga. Hapo ndipo shangazi apunguze, kiazi hakina makosa.

Jumamosi nikampelekea fungu la viazi vya machungwa. Kavipika na tui jepesi na iliki, sukari hakutia hata kijiko. Mjukuu wake wa miaka mitatu kala vipande vitatu na kulamba vidole, shangazi kachukua kimoja, kakitafuna taratibu, kasema kitamu lakini chakosa unga, na Ijumaa nimletee kikuu.