Kabla ya kulia na bei ya dawa, tazameni kichupa

Hapa Malindi ikitajwa HER2, protini inayopimwa kwenye saratani ya matiti, mazungumzo hukimbilia bei ya trastuzumab, dawa inayoilenga. Sikatai, ni dawa ghali. Lakini nionavyo mimi, wako wanaoikosa mapema zaidi, siku ile kinyama cha titi, yaani kipande kilichokatwa kikapimwe, kinapotiwa kichupani.

HER2 ni protini iliyo juu ya ukuta wa seli, kazi yake kuiamrisha seli ikue. Katika saratani za matiti kama 15 hadi 20 kwa kila 100, huwa imezidi mno. Trastuzumab huishika protini hiyo, ikazima amri na kuiita kinga ya mwili ishambulie. Protini isipozidi, dawa haina pa kushika.

Maabara huitafuta protini hiyo kwa rangi, na majibu huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya. 2+ haijakata shauri: jeni inayounda protini hiyo ihesabiwe kwa kipimo kiitwacho FISH.

Sasa kichupa. Kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, ya asilimia 10 yenye chumvi za fosfeti ndani ya saa moja tangu kukatwa. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wake, nacho kikae humo saa 6 hadi 72. Titi lililotolewa zima lichanjwe kila milimita 5 hadi 10, maana fomalini hupenya polepole. Ukilitumbukiza hivyo hivyo, nje litahifadhika vizuri na ndani litaoza. Maji ya dripu si mbadala, seuze kwenye joto la kaskazi: protini huharibika, jibu likaja hasi la uongo.

Kinachoniudhi ni Ijumaa. Kinyama kilichokatwa saa tisa alasiri kikangojea gari la Jumatatu la kukipeleka maabara Mombasa, ikifika saa tisa siku hiyo kimetimiza saa 72, na pengine bado kiko njiani. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, kikatwe Jumatatu au Jumanne. Na fomu ionyeshe kilikatwa saa ngapi, na kilitiwa fomalini saa ngapi. Bila hayo, mpimaji hawezi kujua kama hasi aliyoiona ni ya saratani au ya kichupa.

Anayepata chanya hupewa miligramu 8 kwa kila kilo ya uzito, kisha 6 kila wiki tatu, kwa kawaida mwaka mzima. Moyo upimwe kwa eko, picha ya mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza, halafu kila miezi mitatu, kwani dawa huweza kuudhoofisha.

Jibu hasi likitiliwa shaka, msirudie kupima kinyama kilekile kilichogandishwa kwenye nta maabara. Kilichoharibika kabla ya fomalini hakirudi. Kikatwe kinyama kingine.